Farasi wa Mwana Tinda

Paukwa, enyi mlioketi! Itikieni pakawa, niwape habari za Shali na farasi wa dada yake.

Shali alimwazima farasi huyo kutoka kwa dada yake, Mwana Tinda, mjane asiye na mali nyingine. Akashindana mbio na vijana, akamchapa farasi mjeledi, akamlazimisha kuruka ukuta. Farasi akaanguka, mguu ukavunjika. Kwa dada yake akasema, "Alishtushwa na nyoka."

Wakampeleka pangoni kwa zimwi jike, fundi wa kuunga mifupa. Zimwi akaufunga mguu kwa magango ya mianzi, akauliza, "Nani kauvunja mguu huu?"

"Nyoka," akasema Shali. Magango yakapasuka, kwacha!

Akafunga tena, akauliza tena. "Nyoka." Kwacha! Farasi akalia kwa uchungu, Mwana Tinda akamkumbatia shingo. "Pole, kaka yangu," akamwambia Shali. "Najua nawe unaumia."

Maneno hayo yakamchoma Shali kuliko mjeledi. Zimwi alipofunga mara ya tatu, hakungoja kuulizwa. "Ni mimi, dada. Nilimchapa aruke ukuta. Hapakuwa na nyoka."

Mianzi ikatulia, mfupa ukashikana, farasi akainuka. Mwana Tinda akampa Shali kisogo, akatoka pangoni. Shali akafumba macho akingoja teke la farasi, na kwa kweli alilitamani. Farasi akamwekea pua begani, akampumulia taratibu.

Hapo ndipo Shali alipolia. Akawafuata nyuma dada yake na farasi hadi nyumbani. Ngano yangu imefika ukingoni, na Mwana Tinda bado hajamgeukia.