Hata Blanketi Huunguza

Hata blanketi huunguza. Chekeni tu. Mmemsikia bibi yenu akimwambia hivyo shangazi yenu, alipomkuta anamchagulia mwanawe mwenye ndevu shati la kuvaa, mkadhani ni utani wa jikoni. Methali hii ina kwao, na kwao ni huku huku Singida, nyumbani kwa Mwalimu Mkumbo. Ilizaliwa namna hii.

Mwalimu Mkumbo alifundisha mpaka akastaafu, na sauti yake ilikuwa ya kumwamsha anayesinzia dawati la mwisho. Kisha akaugua koo. Madaktari wakamwokoa, lakini sauti ikabaki huko huko hospitali. Binti yake Sesilia akamletea kompyuta: Mwalimu akiandika, kompyuta inayatamka maneno. Sauti yenyewe ilikuwa kavu, haijui mzaha, ila maneno yalikuwa yake.

Mkewe, Perpetua, alimpenda hadi majirani wakamtania kwamba angeweza, angemtafunia na chakula. Mgeni akiuliza, "Mwalimu, umeamkaje?" Perpetua alidaka, "Ameamka salama, ila mgongo unamsumbua." Mwalimu bado anatafuta herufi ya kwanza. Mama wa watu aliona anampunguzia mzigo.

Basi Sesilia akaposwa. Wajumbe wa kijana wakaarifu kwamba Jumamosi watakuja kupokea jibu. Mwalimu akakaa siku kadhaa akiliandika jibu lake, analifuta, analianza upya, maana baba ndiye anayejibu posa. Ijumaa asubuhi kompyuta ikaanza kuzimika kila ikiwashwa.

"Usihangaike, Baba Sesilia," Perpetua akambembeleza. "Isipopona, nitajibu mimi."

Mwalimu aligeukia dirishani. Perpetua akadhani anatazama upepo.

Akaitwa fundi Gyunda, ambaye Mwalimu alimfundisha kusoma. Akajifunga mkononi kamba iliyoshikizwa kwenye kasha la kompyuta, na kabla ya kugusa kitu ndani akashika kwanza chuma kitupu cha kasha lile. Perpetua alidhani ile kamba ni hirizi, akaangalia pembeni kwa adabu. Feni ilikuwa imesongwa na vumbi. Gyunda akachomoa vijiti viwili vya memori, vile vinavyoshika kumbukumbu ya kompyuta, akavilaza mezani juu ya mfuko unaong'aa wa kuvihifadhia.

"Mama, nakuachia hivi. Nafuata feni dukani, narudi sasa hivi."

Ilikuwa Julai, upepo mkavu unapasua midomo. Perpetua akavitazama vijiti vile pale mezani, havina hata cha kujifunika, roho ikamuuma. Katika nyumba ile hata redio haikukaa mahali patupu, ilitandikiwa kitambaa cha kufuma. Vijiti hivi ndivyo vilivyobeba sauti ya mumewe, vitalala hivi hivi? Akaleta blanketi la manyoya lenye picha ya simba, lile la wageni wa heshima. Akavifuta vumbi kwa mkono wa sweta, kimoja kimoja, akavifunika vizuri. Hakusikia kitu chochote mkononi.

Gyunda aliporudi na kulifunua blanketi, uso ulimbadilika. Akafunga feni, akarudisha vijiti, akawasha. Kompyuta ikalia mlio wa kukwama, kioo kikabaki cheusi.

"Mama, nani alivilaza humu?"

"Mimi, mwanangu. Vilikuwa vinapigwa na baridi."

Gyunda akafunga pazia, akasugua blanketi kwa kiganja. Gizani vikaruka vimulimuli vidogo, vikilia ta-ta-ta.

"Huu ni umeme wa kusuguana, mama. Hewa ikiwa kavu hivi unajaa kwenye nguo na mwilini. Sisi mara nyingi hatuusikii, lakini vijiti hivi vinaungua. Ndiyo maana nashika chuma kwanza na kujifunga kamba, ule wa mwilini mwangu uishie huko. Kosa ni langu, sikukuambia."

Perpetua akakaa chini. "Nilimnyamazisha kwa mdomo wangu, sasa nimemnyamazisha kwa blanketi," akasema, na machozi yakamtoka.

Mwalimu akamshika bega. Hakuwa na namna nyingine ya kusema.

Gyunda akaenda kuchomoa vijiti vya kompyuta yake mwenyewe, akavileta ndani ya mfuko wao. Safari hii Perpetua alikaa mbali, mikono mapajani, na blanketi limefungiwa chumbani. Kompyuta ikawaka.

Jumamosi wajumbe wakafika, wakaketi. Mkubwa wao akasema, "Mwalimu, tumekuja kukusikiliza."

Perpetua akafungua mdomo, kama kawaida yake. Akaona vidole vya mumewe vinatafuta herufi. Maneno yalikuwa tayari ulimini, matamu, yenye heshima zote. Akayameza. Mjumbe mmoja akakohoa, Perpetua akaukaza upindo wa kanga yake. Ndipo ile sauti kavu ikatoka:

"Binti yangu ameridhia, nami nimeridhia. Ila mkamwambie kijana wenu kwamba hata blanketi huunguza. Akitaka kumtunza mwanangu, amuulize kwanza anavyotaka kutunzwa."

Wajumbe wakatazamana, wasijue blanketi limeingiaje kwenye posa. Perpetua akaangua kicheko huku analia, akawasimulia mwenyewe, bila kujificha. Wakaondoka na methali hiyo, ikasambaa.

Mwalimu akamtazama mkewe, akarudi kwenye herufi zake. Perpetua akangoja. Akangoja hadi neno la mwisho.

"Asante kwa kuningoja," ikasema kompyuta.

Hata blanketi, wajukuu zangu, huunguza.