Semeni na Mkaguzi Asiyeinama

Hapo zamani za kale, kuchakulo walipokuwa na nyumba zenye milango na kobe akiwa na shule yake, mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Mto ulifura, ukalibeba gogo ambalo wanafunzi walilitumia kuvukia. Shule ikafungwa.

Msishangilie! Mwalimu Kobe si wa kuchezewa. Wingu alikuwa ameliona mapema, naye alikwisha kumpa kila mwanafunzi jani la mgomba lililokwaruzwa kazi za kufanya nyumbani.

Kwa Bi Kuchakulo walikuwapo wanafunzi watatu. Semeni alikuwa darasa la pili, na wadogo zake mapacha, Kulwa na Doto, darasa la kwanza. Mnamjua kuchakulo? Ni mnyama mdogo wa kufukua mashimo, mkia manyoya matupu na macho hayatulii.

Asubuhi mvua ilipokatika, mama yao alitia jembe begani.

"Semeni mwanangu, naenda kumalizia matuta. Kesho tunapanda. Kapu hilo la njugu mawe ndiyo mbegu yetu, hatuna nyingine. Likipotea, mwaka huu tutakula upepo."

"Na lile kapu la juu ya meko, mama?"

"Lile la mwaka juzi? Fukusi wamezitoboa zote, limebaki vumbi. Nikirudi nitalitupa."

Mama akaenda zake. Semeni akaona kifua kizito. Kuachiwa nyumba alikuwa amezoea, lakini kuachiwa chakula cha mwaka mzima, hapana. Akalitazama kapu, akalitazama tena, ndipo akalikunjua jani la Mwalimu.

"Kazi ya kwanza," akasoma, "hesabuni mpaka mia. Kazi ya pili, pangeni vitu kuanzia kidogo hadi kikubwa. Kazi ya tatu, chagueni mbegu kwa maji. Inayozama ipandwe, inayoelea itupwe."

"Tuanze ya pili!" akadakia Kulwa. Akapanga kijiko, kikombe, sufuria na mtungi. Kisha akamvuta Doto akamsimamisha kabla ya kijiko.

"Mimi si mdogo! Nilichelewa kuzaliwa tu!"

"Ulichelewa kwa sababu u mdogo!"

Ugomvi huo ulichukua nusu ya asubuhi. Ulipokwisha, wakaketi mlangoni na kapu la mbegu, wakahesabu njugu moja moja, kwa sauti kubwa kama wanavyofanya shuleni. Na sauti kubwa, wanangu, haichagui masikio. Nyani alikuwa akipita njiani na njaa yake.

"Thelathini na nane! Thelathini na tisa!"

Ko! Ko! Ko! Fimbo ikagonga mwimo wa mlango.

"Hodi humu!"

Watoto wakainua macho. Nyani amesimama mbele yao, kofia kichwani, fimbo mkononi, jani pana kwapani. Akakohoa kikubwa.

"Mimi ni Mkaguzi wa Masomo ya Nyumbani. Nimekuja kuona mnakula nini. Aa! Mnajifunza nini."

"Shikamoo, Mzee Mkaguzi," wakasema wote watatu.

"Marahaba. Haya, mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunahesabu, Mzee," akajibu Doto. "Tumefika thelathini na tisa. Eti baada ya hapo inakuja ngapi?"

Nyani akakuna kidevu. Akaangalia juu, akaangalia kapu.

"Baada ya thelathini na tisa," akasema, "ni chakula cha mchana."

Kulwa akaangua kicheko. Semeni akamkanyaga mguu, kicheko kikakatika. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshaelewa kwamba mkaguzi huyu hajakaa darasani hata siku moja. Lakini pia aliyaona meno yake, na akaona kwamba Nyani amekwisha kuuziba mlango kwa mwili wake. Nguvu za kumfukuza angezitoa wapi? Wote watatu hawafiki uzito wa mkono wake mmoja.

"Kapu hilo," akasema Nyani, "nalichukua kwa ukaguzi."

"Utalirudisha lini, Mzee?"

"Ukaguzi ukiisha."

"Na ukaguzi utaisha lini?"

"Njugu zikiisha!" Lo! Nyani akajiziba mdomo. Lakini mkono wa pili ulikuwa tayari umeshika ukingo wa kapu.

Semeni akalitupia jicho jani la Mwalimu, kisha akatazama juu ya meko.

"Sawa, Mzee Mkaguzi," akasema kwa adabu zote. "Ila kazi ya tatu hatujaifanya. Njugu zote za nyumba hii lazima zipite majini kwanza."

"Zote? Kwani zipo nyingine?"

"Lipo kapu zima juu ya meko."

Macho ya Nyani yakatoka. "Lete! Lete upesi! Elimu haisubiri!"

"Lakini dada," akasema Doto, "lile si lina..."

"Lina vumbi," akamkata Semeni. "Ndiyo maana tunaliosha."

Wakalivuta karai kubwa la kuogea. Lilikuwa limejaa maji ya mvua, mekundu kwa udongo, ukitia kidole hukioni tena. Semeni akamimina kwanza kapu la mbegu. Chubwi! Chubwi! Chubwi! Njugu zikazama, kimya. Kisha akamimina kapu la juu ya meko. Hizo hazikusema chubwi. Zilitawanyika juu ya maji, karai zima likafunikwa.

"Mzee Mkaguzi," akauliza Semeni, "Mwalimu wetu hugawa mafungu mawili, za juu na za chini. Wewe utachukua zipi?"

Nyani akachungulia. Juu, njugu tele. Chini, udongo mtupu.

"Ukizitaka za chini," akaendelea Semeni, "itabidi uiname kidogo, upapase kwenye tope."

Hapo hata mimi ninayewasimulia napata jasho. Mtoto huyu alithubutu!

"Niiname?" Nyani akafoka. "Mimi? Kofia ianguke mbele ya watoto? Mkubwa hali vya chini, binti. Za juu ni zangu!"

"Zote, Mzee? Hata konzi moja hutuachii?"

"Hata moja!"

Akazikusanya kwa mikono miwili, akajaza mfuko, akaondoka akipiga mluzi. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Huyu alizunguka kukagua kazi za wenziwe, yake hajapata kuikagua.

Kulwa akaanza kulia. "Amechukua zote! Mama atasema nini?"

Semeni aliinama, akatia mkono majini mpaka begani, akaibuka na konzi ya njugu nzito zinazong'aa. Akaiweka mapajani mwa Kulwa.

"Hesabu," akasema.

Kisha akakaa chini, akalia kidogo na yeye. Alikuwa ameogopa sana, sina sababu ya kuwaficha. Mapacha wakahesabu wakipokezana, na walipofika mia kulikuwa na njugu nyingi bado.

Jioni mama alirudi, na nyuma yake, polepole, Mwalimu Kobe, ambaye tangu alfajiri alikuwa akiuzunguka mto ili aone kazi za wanafunzi wake. Mama alipoisikia habari yote, alimkumbatia Semeni asimwachie. Bado amemkumbatia, mlango ukasukumwa. Puu!

"Ptuu! Ptuu!" Nyani akatema mate mlangoni, manyoya yamejaa vumbi jeupe. "Watoto waongo! Njugu gani hizi? Vumbi tupu! Fukusi wameniingia hadi puani!"

"Mzee, ulichagua mwenyewe," akasema Semeni.

Mwalimu Kobe akatoa shingo yake, taratibu, yote.

"Kumbe mkaguzi ni wewe? Hebu soma hapa, kazi ya tatu."

Akamnyooshea lile jani la kazi. Nyani akalishika, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Sijui kusoma," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Imeandikwa, inayozama ipandwe, inayoelea itupwe. Ni somo la darasa la kwanza. Kwani za chini hazikuwapo?"

"Zilikuwapo, Mwalimu. Ningelazimika kuinama."

Hakuwa na hasira, huyu Kobe, ana miaka mingi mno ya kufundisha.

"Mto ukipungua, njoo shule," akasema. "Doto atakufundisha kinachokuja baada ya thelathini na tisa. Ila nakuonya, mlango wetu ni mfupi. Hapo, mzee wangu, utainama."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.