Kibuyu cha Baraza

Paukwa!

Pakawa!

Sauti hiyo mmeitoa wapi, ndani ya chungu? Baba Shamte, nakuona umeegemea ukuta. Usisinzie, hadithi hii ni yako pia. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima kama sisi, kulikuwa na mbuga juu ya kilima. Chini ya kilima kulikuwa na bonde, na bondeni kulikuwa na chemchemi. Maji yake matamu, baridi, yanazizimisha meno. Lakini njia ya kushukia! Mteremko mtupu, udongo wa mfinyanzi. Kiangazi unashuka kwa kujishikilia. Mvua ikinyesha, hushuki. Unashushwa. Tereee... pu!

Na nani waliokuwa wakishuka? Majike. Kila alfajiri majike walijitwika vibuyu, wakashuka, wakateka, wakapanda. Na madume walikuwa wapi? Walikuwa barazani. Usiniangalie hivyo, Baba Shamte, sijakutaja bado.

Sasa wanyama hao walikuwa na ghala moja la wote. Wakivuna mtama, kila mmoja anatia fungu lake humo, dume na jike. Mtama huo ulikuwa wa kuwalisha mchwa, maana mchwa ndio waliokuwa mafundi wa mbuga. Ukiwalisha, wanajenga. Usipowalisha, wanakutazama tu. Na ghala likijaa sana, linatosha kazi moja kwa mwaka. Kazi ipi? Hilo linaamuliwa na baraza.

Mkuu wa baraza alikuwa Tandala, dume mwenye pembe ndefu zilizojiviringa. Mwaka mmoja baraza liliamua mchwa wamjengee Tandala kiti cha juu. Wakajenga. Mwaka uliofuata, uwanja wa madume wa kupigania pembe. Wakajenga. Na mwaka huu ninaousimulia, Swala dume alikuja na shauri jipya.

"Ukuta wa kunolea pembe!" akasema. "Mrefu! Laini upande huu, wa kukwaruza upande ule."

"Hayo ndiyo maendeleo!" wakaitikia madume.

Huko nyumbani Bi Ngiri alikuwa mjamzito. Tumbo limeshuka, karibu linagusa nyasi. Nayo mawingu yameanza kujikusanya. Mvua za mwaka jana jirani yake, Bi Swala, mke wa Swala dume, aliteleza kwenye njia ile akiwa na kibuyu kichwani. Akavunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Bi Ngiri akiyatazama mawingu, kisha akilitazama tumbo lake, anaogopa. Aliogopa kwelikweli, hata chakula kikamshinda.

Akamwambia mumewe, "Mume wangu, nifikishie neno barazani. Mchwa watujengee ngazi za kwenda chemchemini, mvua haijaja."

Bwana Ngiri akacheka, hu hu hu. "Mke wangu, hayo ni mambo ya jikoni. Baraza linazungumza mambo ya nchi."

"Na maji mnayokunywa huko barazani yanatoka nchi gani?"

Bwana Ngiri akajifanya ana mchanga jichoni.

Kumbe majike walikuwa wakipeana zamu ya kupeleka maji barazani. Maana baraza lile lilikuwa na mila yake. Halifunguliwi mpaka kibuyu cha maji kiwekwe katikati, kila mjumbe anywe funda. Mababu walisema: penye kibuyu ndipo penye baraza. Tandala alikuwa akiusema msemo huo kila siku, mpaka watoto wanaucheza. Na shauri likisemwa leo, linafungwa kesho, kwa kibuyu kingine.

Siku ile ya ukuta zamu ilikuwa ya Bi Ngiri. Akakiweka kibuyu chini. Hakuondoka.

"Nina neno," akasema.

Tandala akashangaa. "Hapa husema wenye pembe, Bi Ngiri. Na kuamua ni kwa kuinua pembe. Wewe una pembe?"

"Mume wangu anazo?"

Bwana Ngiri akaruka. "Ninazo! Zangu zimeota mdomoni!"

"Zangu pia zimeota mdomoni," akasema Bi Ngiri. Akafungua kinywa, wakaona.

Madume wakatazamana. Swala dume akakohoa. "Hizo zako," akasema, "ni meno."

Nyie mnacheka! Bi Ngiri hakucheka. Aliumia. Akarudi nyumbani akiwa na machozi, akamkuta Bi Swala mlangoni, akamweleza yote.

"Basi, shoga," akasema Bi Swala, "ndiyo imekwisha hivyo."

"Haijaisha. Shauri linafungwa kesho. Na kibuyu cha kesho ni zamu ya nani?"

"Yangu," akasema Bi Swala. Kisha akaanza kutabasamu.

Usiku mvua ikadondoka kidogo, manyunyu tu. Yalitosha. Asubuhi madume wakakaa barazani, wakangoja kibuyu. Jua likapanda, hakuna kibuyu. Koo zikakauka. Mara wakasikia wimbo kutoka bondeni. Mniitikie:

*Tandala ee, kibuyu kiko wapi?*
Bondeni, bondeni!
*Tandala ee, baraza liko wapi?*
Bondeni, bondeni!

Tandala akainuka, akachungulia. Kule chini, kando ya chemchemi, majike wote wameketi duara. Katikati kuna kibuyu.

"Kileteni huku!" akapaza sauti.

"Kimeshawekwa, mzee!" akajibu Bi Swala. "Penye kibuyu ndipo penye baraza. Au mababu walikosea?"

Tandala atasema nini? Ataukana msemo wake mwenyewe?

"Twendeni," akasema. "Ni kamteremko tu."

Kamteremko! Hatua ya kwanza, sawa. Hatua ya pili, tereee! Swala dume akapita kwa makalio, chubwi, mpaka majini. Bwana Ngiri akabingirika kama boga, bingiri bingiri, akasimama miguuni pa mkewe. Tandala akateleza mzima mzima, akaingia kwenye mizizi ya mti, kwaa! Pembe zikanasa. Akavuta, hazitoki. Akasukuma, ndiyo kwanza zinaingia ndani.

Majike walicheka. Mimi ningekuwepo ningecheka zaidi yao.

Lakini Bwana Ngiri hakucheka. Alikaa chini, matope mpaka puani, akautazama ule mteremko. Kisha akalitazama tumbo la mkewe.

"Mke wangu," akasema polepole. "Wewe huwa unapita hapa?"

"Kila alfajiri."

"Na tumbo hilo? Na kibuyu kichwani?"

"Na kurudi, mume wangu, huwa ni kupanda."

Bwana Ngiri akaona haya. Aliona haya mpaka masikio yakalala.

Kibuyu kikapita, kila mmoja akanywa funda. Baraza likafunguka. Tandala, kichwa kiko mizizini, akasema, "Haya, Bi Ngiri. Sema."

"Sina mengi," akasema Bi Ngiri. "Mtama wa ghalani tuliupanda wote. Tuliupalilia wote. Tuliutia ghalani wote. Ila ukifika wakati wa kuutumia, wanabaki wenye pembe peke yao. Ninyi si wabaya. Ninyi hamjawahi kupita hapa, basi. Kiti mnakikalia, mkaona kiti kinatakiwa. Pembe mnazo, mkaona ukuta unatakiwa. Sisi tunaopita hapa, mlituita lini?"

Chemchemi tu ndiyo iliyosema, bwi bwi bwi.

"Mimi naogopa," akasema Bi Ngiri. "Nisiwafiche. Mvua inakuja, na nimebeba watoto."

"Basi tuamue," akasema Tandala. "Anayetaka ngazi, ainue..." Akakwama. Pembe zake mwenyewe haziinuki! "Ainue... jamani, ainue nini?"

Bi Ngiri akatazama huku, akatazama huku. "Yupo hapa asiye na mkia?"

Hakuwepo.

Na Bi Ngiri akauinua wake. Wima! Bi Swala akainua. Bwana Ngiri akainua, matope yanachuruzika. Swala dume akasitasita, akainua nusu, akamwona mkewe anamtazama, akamalizia. Na kule mizizini kamkia kafupi ka Tandala kakapanda, tii!

Tandala akanasuliwa, mchwa wakalishwa, mchwa wakajenga. Ngazi pana, imara, na mahali pa kupumzikia katikati. Mvua zikaja na vishindo vyake. Bi Ngiri akajifungua salama, na watoto wakashuka ngazi nyuma ya mama yao, ti ti ti ti, wakanywa, wakapanda. Tangu hapo baraza likahamishiwa alasiri, wakati vibuyu vimeshajaa na kila mmoja ana nafasi ya kukaa. Zamu ya maji nayo ikawa ya wote. Tandala alipata zamu yake ya kwanza siku ya manyunyu. Alishuka akizishukuru ngazi moja moja, kwa sauti.

Na ukuta wa kunolea pembe? Kila mwaka Swala dume anauleta. Kila mwaka wanamwuliza, "Utamfaa nani, na utamsahau nani?" Bado anatafuta jibu.

Kwa hiyo wanangu, na wewe Baba Shamte, siku mkimwona ngiri anakimbia porini na mkia wima, msimcheke. Anapiga kura.

Fundisho lake ni hili: kilichochangwa na wote kipangwe na wote, na anayeijua njia aitwe kabla mtama haujatoka ghalani. Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye ngazi ya mwisho. Maji yako mbele yenu. Baba Shamte, chukua ndoo.