Siku Pimbi Walipomtoa Mtoto Juani

— Hadithi yabisha hodi!
— Ifungulieni mlango!
— Imekuja na mtoto mchanga!
— Basi na ivue viatu, ipite taratibu!

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wakitembeleana kwa hodi na karibu, palikuwa na pimbi mmoja na mkewe, waliokaa katika pango la mwamba. Walikuwa na mtoto mmoja, mnono, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mtoto huyo alikuwa hajapewa jina, kwa kuwa katika nchi ile mtoto hupewa jina siku anapotolewa nje kuota jua mara ya kwanza, na yule ambaye jina lake limetumiwa huitwa somo. Usomo haukuwa cheo cha bure. Somo hubeba, somo hulisha, somo hubembeleza. Na lililo kubwa kuliko yote, somo hamli somo yake. Mtoto akifa, jina huzikwa pamoja naye, na somo aliyebaki hai hupewa jina jipya na wafiwa.

Siku ya kumtoa mtoto ikawadia. Bi Pimbi akasema, "Baba mtoto, leo twende mtoni. Tutandike mkeka penye majani, mtoto apate jua, nasi tupumue."

"Twende," akajibu Bwana Pimbi. "Mimi niko tayari zamani."

"Umefungasha nini?"

"Nimevaa kofia."

Basi Bi Pimbi akafungasha. Akatia mkeka, kanga ya kubebea, nepi, nepi za akiba, mafuta ya nazi, kibuyu cha uji wa ulezi, na mwavuli wa kumkinga mtoto na lile jua walilokuwa wakilifuata. Chini kabisa kikapuni akaweka viazi vitamu vya kuchemsha, chakula cha wazazi. Mtoto alikuwa mdogo kuliko wote, na mzigo wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wote.

Walipofika mlangoni, mtoto akachafua nepi. Wakarudi. Walipofika tena mlangoni, mtoto akataka kunyonya. Wakarudi. Walipofika mlangoni mara nyingine, Bwana Pimbi akakumbuka kofia ameiacha ndani. Wakarudi.

Mwishowe wakatoka. Te-te, te-te, te-te, mama mbele na mtoto mgongoni, baba nyuma na kofia yake. Wakafika mtoni, wakatandika mkeka, wakatoa vitu vya mtoto, wakamlaza mtoto juu ya kanga. Jua lilikuwa zuri. Maji yalikuwa mazuri. Mtoto akatazama mbingu kwa mara ya kwanza, akaikojolea. Chururuu!

"Ameipenda," akasema Bwana Pimbi.

Hawajamaliza kucheka, wakasikia majani: nyatu, nyatu, nyatu. Akatokea Chui. Ngozi yake siku zile ilikuwa ya dhahabu tupu, haina hata alama moja, naye alijipenda kwa ngozi hiyo hata akawa hakai chini bila kupangusa. Akapangusa mkeka wa watu, akaketi.

"Shikamoo, Mzee Chui," akasema Bi Pimbi.

"Marahaba. Kikapuni mna nini?"

"Viazi, Mzee."

Chui hali viazi. Lakini vilikuwa vya mwenzake, kwa hiyo akavila. Gwaa, gwaa, gwaa, kikapu kikabaki kitupu. Akajilamba, akatazama kanga.

"Na hicho kilicholazwa hapo?"

"Hicho si chakula, Mzee. Hicho ni mtoto."

"Hayo maneno mawili sijawahi kuyatofautisha," akasema Chui. "Kilete."

Bwana Pimbi, ambaye ndiye kichwa cha nyumba, alikuwa tayari ameingia ndani ya kikapu na kujifunika kofia. Bi Pimbi akaona kwamba msaada hautatoka huko. Akamwinua mtoto kwa mikono miwili, akapaza sauti hata ng'ambo ya mto ikasikika:

"Karibu, somo! Tulikuwa tukikungoja wewe tu! Mwanangu, nakutoa juani, nakupa jina. Jina lako ni Chui!"

"Nini?" akasema Chui.

"Kwaa!" akaitika Kunguru kutoka juu ya mti, maana Kunguru hakosi penye jambo la watu. "Nimesikia! Mtoto wa Pimbi ni Chui! Mimi ni shahidi!"

Chui akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa na masikio ya mviringo, hana mkia, ananyonya kidole cha mguu.

"Huyu ndiye Chui?"

"Tazama macho yake, Mzee. Ukali huo ungetoka wapi? Kwa baba yake?"

Chui akatazama kikapu kinachotetemeka. "Hapana, kwa baba yake hautoki," akakiri. Akatabasamu kidogo, akapangusa kifua chake. Hilo ndilo kosa alilolifanya: alisita kidogo akajipenda.

"Basi mpokee," akasema Bi Pimbi. "Somo hubeba."

Chui akampokea. Mtoto akalia: Nyeee!

"Shingo! Shika shingo, Mzee!" ikasema sauti kutoka kikapuni.

Chui akashika shingo. Mtoto akanyamaza. Chui akajaribu kumweka chini, mtoto akalia: Nyeee! Akamwinua, akanyamaza. Akaketi, akalia: Nyeee! Akasimama akatembea, akanyamaza.

"Hataki uketi," Bi Pimbi akaeleza. "Chui hawapendi kukaa bure. Uji huu hapa. Somo hulisha."

Chui akalisha. Mtoto akameza kidogo, akatema mwingi. Pwa! Uji ukatua kifuani. Pwa! Ukatua begani. Kisha mtoto akatia mkono ndani ya kibuyu, akampapasa somo yake mgongo mzima, huku na huku, kwa upendo. Na chini nepi nayo ikawa imeshindwa na kazi yake.

"Ananipaka!" akalia Chui. "Ngozi yangu!"

"Anakufahamu," akasema Bi Pimbi. "Sasa ana usingizi. Somo hubembeleza. Mwimbie."

Basi mnyama ambaye msitu mzima ulikuwa ukimkimbia akatembea ukingoni mwa mto, kwenda na kurudi, akiimba kwa sauti nzito, "Lala, Chui, lala." Bwana Pimbi akatoka kikapuni, akavaa kofia, akaingia majini kuogelea. Bi Pimbi akajilaza mkekani, akafunga macho. Tangu ajifungue hakuwa amefunga yote mawili kwa pamoja. Kila Chui aliponyamaza, Bwana Pimbi alipiga kelele kutoka majini, "Imba, Mzee! Na mwavuli umeupeleka upande!"

Jua likapanda, jua likashuka. Viazi havikai katika tumbo la Chui. Miguu ikamuuma, sauti ikamkauka, na njaa ikamrudishia akili zake.

"Basi!" akanguruma. Grrraa! "Jina au si jina, huyu namla sasa hivi!" Akafungua kinywa, na kichwa cha mtoto kikawa kati ya meno.

Bwana Pimbi akazama. Bi Pimbi akaketi mkekani. Sauti yake ilitoka taratibu, kama ya mtu anayekunja nguo.

"Mle tu, Mzee. Ila tuelewane kuhusu mazishi."

"Mazishi gani?" akauliza Chui kwa shida, kwa sababu ya kile kilichokuwa kinywani. Yeye alikuwa amesababisha mazishi mengi, ila hakuwahi kuhudhuria hata moja, na kwa hiyo taratibu zake hakuzijua.

"Huyu ni Chui. Akifa, jina la Chui linazikwa naye. Wewe unabaki huna jina, na wafiwa ndio wanaokupa jingine. Wafiwa ni sisi. Na mimi nimekwisha kulichagua. Kesho utaamka unaitwa Pimbi."

Meno ya Chui yakasimama palepale.

"Kwaa!" akasema Kunguru. "Mzee Pimbi! Hilo nalisambaza leo leo!"

"Na nyumbani kwako," akaendelea Bi Pimbi, "una watoto wakubwa, wenye meno. Watoto wako wanakula nini, Mzee?"

"Wanakula..." Chui akaanza. Akamtupia jicho Kunguru. "Wanakula pimbi."

"Nami nasikia hawachagui."

Chui akafungua kinywa polepole sana. Akamtoa mtoto, akamfuta mate, akamlaza juu ya kanga. Mtoto akaamka, akaona somo yake anaondoka, akalia: Nyeee! Lo! Chui akatimua mbio, puru puru puru, akapanda mti mrefu kuliko yote, akajificha kwenye panda, mkia ukining'inia.

Alioga mara nyingi baadaye, lakini madoa hayakutoka. Mengine ni ya uji. Mengine sisemi ni ya nini. Na hata leo chui hushinda juu ya mti mchana kutwa. Wawindaji husema anapumzika. Hapumziki. Bi Pimbi alijifungua tena mwaka uliofuata, akapata mapacha, akawapa majina, wa kwanza Chui na wa pili Chui, na kila jua likiwa zuri hutandika mkeka chini ya mti ule ule na kuita, "Somo! Shuka, tumekuletea wadogo wa somo yako!"

Funzo la hadithi hii ni kwamba kumtoa mtoto mchanga nje ni hatari kubwa, wala wazazi wenye busara wasithubutu. Tena baba ndiye ngao ya familia, na kofia yake iheshimiwe. Asiyekubali na arudi mwanzo, asikilize vizuri.

— Hadithi yaaga!
— Iende salama!
— Imesahau nepi!
— Mpelekeeni Chui!