Kwa Nini Moyo Huenda Mbio kwa Mtu Mgeni

Hapo zamani moyo wa mtu ulikuwa na mwendo mmoja tu, awe analima, awe anapenda. Uso haukubadilika kwa kumwona mtu. Aliyempenda mwenzake ilimbidi aseme kwa kinywa chake, na asiposema, basi. Nyinyi mnaochekeana hapo nyuma mngekufa kwa upweke.

Siku hizo Kalunde alikuwa mpika chumvi kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Wapishi walikuwa na mwiko: chungu kikiwa motoni, mpishi hasemi na mgeni, maana chumvi yote itaharibika.

Akaja Mihambo, msafiri aliyetaka chumvi, akaketi ng'ambo ya moto kungoja. Wakatazamana. Kalunde alimpenda palepale, akampenda mno, hata akasahau kuchochea kuni. Lakini uso wake ulikuwa uleule wa kila siku. Akajiambia kwamba chumvi ikikauka atamwambia.

Mihambo naye alikuwa amempenda. Alingoja hadi jua likapinda, akiutazama ule uso, asione kitu. Mwishowe akamnong'oneza mzee mpasua kuni kwamba yule dada hamtaki, akainuka. Kalunde alimwona akiondoka. Kinywa kilitaka kufunguka, akakibana, kwa kuwa chumvi ile ilikuwa ya kijiji kizima.

Ilipokauka, mpasua kuni akamweleza aliyoambiwa. Kalunde akatoka mbio. Alimkuta Mihambo mtoni, watu wamekwisha kumtoa majini. Mto ulikuwa umefurika, naye kwa uchungu wake hakusubiri upungue.

Kalunde alilia hadi sauti ikamkauka. Kisha akamlalamikia Muumba: "Ulitupa moyo, ukaunyima namna ya kujulikana. Angeuona wangu, angekaa."

Muumba alimhurumia. Akamwambia kwamba aliyekufa harudi, ila kuanzia sasa wapendao hatawaacha hivyo.

Na tangu siku hiyo, wawili wasiojuana wakikutana na kupendana, moyo huenda mbio, viganja hulowa jasho na mboni za macho hupanuka, hata mtu ajikaze vipi. Wa kwanza kupatwa na hayo alikuwa Kalunde mwenyewe, pale pale ukingoni, ameushika mkono wa Mihambo uliokwisha kupoa.