Mkimbiaji Aliyegeuka Kutazama

Mwalimu mmoja wa michezo, katika chuo kidogo cha ualimu kule kwenye baridi, alikuwa na vijana wanne wa mbio za kupokezana kijiti. Aliitwa Mwalimu Mbembela. Uwanja wa maana hakuwa nao. Alikuwa na kipande cha barabara ya vumbi nyuma ya jiko la chuo, na kijiti alichokichonga mwenyewe kwa tawi la mkaratusi. Kitu alichowafundisha kilikuwa kimoja tu: anayepokea hageuki. Akimwona mwenzake amefika kwenye alama iliyochorwa chini, anaanza kukimbia kwa nguvu zake zote, ananyoosha mkono nyuma, na hatazami tena. Anayeleta anapaza sauti, "Shika!", na kijiti kinaingia kiganjani. Kila jioni aliwafunga vitambaa machoni, wakatembea kwa mstari wakipeana kijiti bila kuona, mpaka mikono yao ikazoeana.

Wa mwisho kati ya wale wanne alikuwa Gwakisa, mtoto wa mjane, na ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote. Aliyempa kijiti ni Ipyana. Hao wawili walilala kitanda cha juu na cha chini, walikula sahani moja, na ndoo zao za kuogea ziliandikwa kwa rangi jina la mtu na jina la chuo, kama ndoo za wanachuo wote. Ada ilikuwa imemshinda mama yake Gwakisa, na nyumba yake ilivuja. Hilo nalisema mapema, maana nawaona baadhi yenu mmeshaanza kumhukumu kijana wa watu. Ngojeni kwanza.

Ndipo akaja mtu wa gari jeupe. Mimi simwamini mtu anayesimamisha gari na kuliacha linaunguruma huku anazungumza na mtoto wa mwenzake. Alikuwa mpole, tena mpole mno. Alimwita Gwakisa "mdogo wangu" siku hiyo hiyo ya kwanza kumwona. Alisema kipo chuo kikubwa mjini kitakachomlipia ada, kitakachompa fedha za matumizi kila mwezi, na simu, na bati za mama. Sharti lake lilikuwa waondoke asubuhi ile ile. Kwa nini asubuhi ile ile? Mimi ningeuliza. Gwakisa hakuuliza. Ipyana alikuwa darasani. Aliporudi alikuta godoro limekunjwa na hakuna barua. Jioni Mwalimu Mbembela alitoka na vijana watatu, akawafunga vitambaa kama kawaida. Na bati zilifika kwa mama, sitawadanganya. Yule mtu alitimiza kila alichoahidi, na hapo ndipo habari hii inaponitia wasiwasi.

Katika chuo cha pili Gwakisa alipewa kila kitu isipokuwa kuaminiwa. Mkuu wa michezo aliuchukua mkoba wa vyeti vyake, akaufungia kabatini, akasema ni kwa usalama. Wenzake walinyamaza kila alipoingia bwenini. Walijua alivyokuja, wakajua ndivyo atakavyoondoka. Naye akaanza kuwachunguza. Wakicheka, alidhani wanamcheka yeye. Kijiti kikichelewa, alidhani kimecheleweshwa makusudi. Kwenye mashindano ya vyuo alikutana na Ipyana. Alimkimbilia amkumbatie, lakini Ipyana akampa mkono, akamuuliza habari za safari, kama mwalimu anavyomsalimia mkaguzi aliyekuja kukagua shule. Gwakisa aliingia chooni akalia. Kisha akanawa uso, akatoka, akakimbia, akashinda.

Mwaka uliofuata gari jeupe lilirudi, na safari hii Gwakisa alifunga mzigo haraka zaidi. Vyeti vilitolewaje kabatini sijui, lakini vilitoka. Chuo cha tatu kilimlipa zaidi ya cha pili. Alipewa kitanda kizuri, akalisukuma begi lake chini yake, na hakulifungua isipokuwa kutoa nguo ya siku hiyo. Alinunua ndoo mpya, hakuiandika jina. Aliona ni kazi bure. Siku moja ndoo ikachukuliwa, akapita mlango kwa mlango akiiulizia, na kila mlango walimuuliza imeandikwa nini. Alirudi chumbani mikono mitupu, amekasirika, akaamini chuo kizima ni wezi.

Hapo chuoni aliyempa kijiti alikuwa Lusajo, kijana mkimya wa mapaja mazito. Lusajo alimwekea uji kila asubuhi, akaufunika kwa sahani, kwa sababu Gwakisa alichelewa kurudi kutoka mazoezini. Gwakisa hakuunywa uji ule mpaka amwone Lusajo mwenyewe amechota sufuria ile ile. Nawaona mnatabasamu. Msitabasamu haraka hivyo. Kumwogopa mtu anayekufunikia uji ni ugonjwa mzito, na aliyekuwa akiugua hakujua kwamba anaumwa.

Mchana wa siku moja kabla ya fainali, Gwakisa alimwona Lusajo amesimama bombani na yule mtu wa gari. Walizungumza. Lusajo alitikisa kichwa, akasema jambo, kisha wakaachana. Gwakisa hakuhitaji ushahidi mwingine. Alisema moyoni, huyu amenunuliwa, kesho ataniharibia. Alipata wapi uhakika huo? Nitawaambia alipoupata. Katika mfuko wa suruali yake kulikuwa na barua ya chuo cha nne, naye alikuwa ameshatia sahihi. Alimtazama Lusajo, akajiona mwenyewe, akadhani amemwona Lusajo.

Siku ya fainali walikuwa wanaongoza. Lusajo alikuja kwa kasi, akafika kwenye alama. Gwakisa aliondoka, akanyoosha mkono, na sauti ya Lusajo ilipomfikia, akageuka. Aligeuka kidogo sana, hata waliokaa mbali hawakuona. Lakini bega likigeuka, kiganja nacho huhama. Kijiti kilimpiga kwenye kifundo cha mkono, kikaanguka, kikabiringika hadi kwenye mstari wa jirani. Vyuo vingine vyote vikawapita.

Lusajo hakumgombeza. Alikaa kwenye nyasi akihema, halafu akamuuliza kwa nini aligeuka. Gwakisa alijibu kwa hasira ya mtu aliyefumaniwa. Alimtaka aseme mbele ya wenzake, yule mtu wa gari alimpa nini jana pale bombani. Lusajo alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua.

"Aliniuliza wewe ukihama, nani atakimbia mwisho," alisema. "Nikamwambia, hahami yule. Yule ni wetu."

Wenzake wawili waliosimama hapo walitazama chini. Gwakisa angeweza kusema mengi wakati ule. Angeweza kuichana ile barua, na hakuna ambaye angejua kwamba iliwahi kuwapo. Mkono wake wenye maumivu ulikwenda mfukoni, ukaigusa, ukabaki humo humo. Nje ya geti gari lilikuwa linaunguruma. Alichukua begi lake, ambalo halikuhitaji kufungwa, akatoka bila kuaga, na Lusajo akabaki ameketi kwenye nyasi, kijiti kikiwa mapajani pake.

Nasikia sasa analipwa vizuri kuliko wote waliopita katika vile vyuo vyote. Nasikia pia kwamba hakimbii tena mbio za kupokezana. Anakimbia peke yake kwenye mstari wake, anashinda, anavaa medali, kisha anasimama katikati ya uwanja akitazama majukwaa. Watu wa chuo cha kwanza wanadhani ni wa chuo cha pili, wa pili wanadhani ni wa tatu, na kila jukwaa linangoja jukwaa jingine lianze kupiga makofi.

Yule mtu wa gari sitawaambia ni nani. Mnamjua. Kwa mwingine alikuja na kiwanja, kwa mwingine na cheo, kwa mwingine na ndoa ya pili. Wala msinitazame mimi kama mtu asiyemjua. Kwangu alifika, nikampa kiti, na sikumbuki kama nilimfukuza au aliondoka kwa kuwa alikuwa ameshapata alichotaka. Swali langu ni moja, nalo mtalijibu mkiwa peke yenu: mahali fulani leo kuna mtu anayesema juu yako, "Yule ni wetu", je, huyo mtu anasema kweli?