Kinofu Ndani ya Nta

"YAH: KUPUNGUZA VITU VISIVYOTUMIKA, KABATI NAMBA NNE."

Ndugu zangu, hicho ndicho kilikuwa kichwa cha barua. Ilipigwa mihuri mitatu, na wa tatu ulithibitisha kwamba ile miwili ni ya kweli. Ilimkuta mzee mmoja akipalilia migomba, ikamwita hospitali kama msemaji wa familia.

Ndani ya kabati hilo kulikuwa na kinofu cha nyama kilichokatwa shingoni mwa mdogo wake, marehemu, kikahifadhiwa kwenye nta. Ukubwa wake punje ya mahindi. Miaka sita nyuma madaktari walikitazama kwa darubini, wakaandika: "Haijaeleweka." Mzee yeye alielewa siku ileile. Alisimama msibani akamnyooshea kidole mke wa marehemu: huyu mchawi ndiye amemla mdogo wangu! Mama wa watu akaondoka na beseni kichwani, mtoto mgongoni.

Sasa maabara, dada mmoja akamwekea fomu yenye visanduku viwili.

"Mzee, weka alama hapa kipimwe, au hapa kiteketezwe."

"Kipimwe nini tena? Mwenyewe kashazikwa."

"Siku hizi tuna mashine inayotafuta vinasaba vya vijidudu. Hata kama vilikufa zamani humo kwenye nta, inaweza kuvitambua. Kama ilikuwa kifua kikuu, huenda Ijumaa tukajua. Ni bure."

Mzee akataka kujibu, kikohozi kikamkamata. Alikohoa mpaka akashika meza.

"Na hicho, baba?"

"Vumbi tu."

"Vumbi la tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Dada akaweka kalamu chini. "Mlikuwa mkilala nyumba moja na marehemu?"

"Ndiyo."

"Basi kinofu hiki kinakuhusu wewe kuliko yeye. Niachie na makohozi yako nipime."

Mzee akaichukua kalamu. Akaisogeza kwenye kisanduku cha kwanza, akairudisha. Mnadhani aliogopa ugonjwa? Ugonjwa huo una vidonge. Aliogopa Ijumaa! Aliogopa majibu yatoke, halafu imbidi aende mchana kweupe, watu wakiona, abishe mlango wa yule mama na kusema, "Shemeji, nilikosea."

Na sisi je? Nani humu ndani hana kabati lake namba nne? Kuna mtu tulimhukumu siku moja, kwa sauti kubwa, na tangu hapo tunaomba kimoyomoyo jambo lile lisifunguliwe tena. Tunaogopa ukweli utamsafisha tuliyemfukuza. Hatujiulizi kama ukweli huohuo ndio dawa yetu. Tunakohoa, tunasema vumbi. Wengine tunakohoa hapa hapa kanisani, nawasikia.

Mtaniuliza, mchungaji, iliishaje?

Aliweka alama kwenye kisanduku cha pili, na makohozi hakuyaacha. Akashukuriwa kwa ushirikiano wake, kama fomu inavyoelekeza. Kinofu kilichomwa Jumatano, saa nne asubuhi. Mzee alikufa kabla ya mvua za vuli. Msibani alisimama mtu mwingine, akanyoosha kidole. Siku ya arobaini, mke wa mzee aliondoka na beseni lake kichwani.